Hiki Utamfanyia Nani? Mwongozo wa kumrudisha kwenye sanaa mzee mwenye maumivu ya kudumu na sonona

Mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka. Hapa mtaani kwetu Tanga, mwenye harusi alimwagiza miezi kabla. Magoti yalianza kumsumbua kwanza, zikafuata nyonga, mwisho vidole. Alipofika miaka 72, ukindu wake ulikuwa umefungwa chini ya kitanda, umekauka hata ukiugusa unavunjika, na yeye mwenyewe akishinda ameelekea ukutani. Ukimuuliza anaumwa nini, atakwambia, "Mwili wote." Ukirudia kumuuliza, "Niache, mwanangu."

Namwandikia mtu anayeishi na mzee wa namna hiyo, awe mtoto, mjukuu, mkwe au jirani. Haya nilijifunza kwa mama, na baadaye kwa wazee wenzake tulioanza kuwakusanya barazani kwetu kila Jumamosi.

Maumivu yakipita miezi mitatu, madaktari huyaita ya kudumu. Mtu anayeumwa muda wote huo halali vizuri, haendi harusini wala msibani, kazi zake zinamtoka mkononi moja baada ya nyingine, na sonona inapata mlango. Ikishaingia, sonona nayo huyazidisha maumivu. Kemikali za ubongo zinazoendesha hali ya moyo, kama serotonini, ndizo hizo hizo zinazoupa mwili nguvu ya kuzituliza ishara za maumivu zinazopanda kwenda kichwani. Kwa hiyo ukimwona mzee wako analalamika mgongo na huku hana raha ya chochote, usihangaike kutafuta kipi kilianza. Vinalishana.

Sanaa inaingia hapo katikati. Mikono ikishika kitu kinachotaka macho na akili, maumivu hayapati nafasi yote ya kichwa. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na maumivu, sonona na matatizo ya uzee ni miongoni mwa mambo yaliyoonekana kupata nafuu. Mimi hunishika zaidi habari ya Mwana Kupona binti Mshamu. Alitunga utenzi wake huko kaskazini mwa pwani ya Kenya, karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Anasema mwenyewe ndani ya utenzi kwamba maradhi yametimiza mwaka. Alimtungia binti yake, na miaka kama miwili baadaye akafariki. Naamini aliweza kuumaliza kwa sababu alijua nani anaungoja. Hilo ndilo nitakalolirudia humu mpaka mwisho: kazi ya mzee iwe na mtu wa kuipokea.

Kwanza: aonwe na daktari

"Ni uzee tu" ni maneno yaliyowaacha wazee wengi bila matibabu. Magoti yaliyosagika, baridi yabisi, miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari, maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, kila moja lina njia yake ya kutibiwa. Hata viungo vinavyouma miezi na miezi baada ya homa ya chikungunya. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 huko nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja. Waliolitoa walikuwa wamemtazama mgonjwa kwa makini.

Nenda na dawa zote anazotumia, za hospitali, za duka na za mitishamba, zikiwa mfukoni, si kichwani. Wazee wengi humeza diklofenaki kila siku kwa miaka bila kuulizwa na mtu, na dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuchoma tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Kama daktari ameandika amitriptilini, ambayo hutumika kwa maumivu na kwa sonona pia, jua kwamba humfanya mzee asinzie na kupata kizunguzungu anapoinuka. Usimpangie kazi saa anayosinzia, na asiinuke kitini bila mtu karibu.

Kuna dalili za kumkimbiza hospitali siku hiyo hiyo: mgongo unaouma pamoja na ganzi mapajani kwa ndani au mkojo kumtoka bila kujua, maumivu ya kifua, maumivu mapya baada ya kuanguka, kiungo kilichovimba na homa juu yake. Akipungua uzito bila sababu au maumivu yakimwamsha kila usiku, asikae zaidi ya siku chache bila kuonwa.

Na usione haya kumweleza daktari habari za moyo. Mzee mwenye sonona mara nyingi hasemi ana huzuni. Atasema ana mawazo, moyo umechoka, chakula hakipandi, usingizi hamna. Hayo yakidumu wiki mbili au zaidi yatajwe wazi, kwa sababu sonona ina dawa na ina ushauri nasaha.

Kuna neno moja gumu. Wazee wetu husema "Mungu anichukue nipumzike," na wengine husema kwa mazoea tu. Usijikalishe kwenye mazoea. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai hakumpandikizii wazo hilo, kunampa ruhusa ya kusema. Mtoto kumuuliza mzazi ni kuzito, najua. Mwombe nesi, au rika lake anayemwamini, aulize. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za vidonge na sumu za wadudu ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali leo. Mambo ya sanaa yangoje.

Pili: uliza kabla ya kununua chochote

Nilianza kwa kosa. Nilimnunulia mama daftari la watoto la kupaka rangi, lenye picha za wanyama, na kalamu za rangi. Alilifungua, akalifunga, akalisogeza kwa nyuma ya mkono. "Mwanangu, mimi si mtoto wa chekechea." Hakula chakula cha mchana siku ile. Nilikuwa nimemthibitishia kile kile alichokuwa anajiambia akielekea ukutani, kwamba hana tena la maana la kufanya.

Kwa hiyo usipeleke kitu. Peleka kigoda, ukae. Msalimie vizuri, ungoja "marahaba" yake, umwache aanze na la kwake, hata likiwa lile lile la jana. Siku nyingine ndiyo uulize ya zamani: nani alikufundisha? Wewe na wenzako mlikuwa mkiimba nini mkiwa shambani? Kitu gani ulikitengeneza ukakionea fahari? Ukiona mikono inaanza kusema pamoja na mdomo, ukamwona anakuonyesha hewani jinsi chane, kile kipande chembamba cha ukindu, inavyopita, hapo umefika.

Swali la mwisho ndilo zito zaidi: "Hiki utamfanyia nani?" Mama alinyamaza nikadhani amelala. Kisha akasema mjukuu wake wa Muheza ataolewa, na hana mkeka wa kukalia mkwewe akija.

Mzee asiye na mjukuu wala jamaa ana msikiti, kanisa, shule ya jirani, mwenzake aliyelazwa. Mtafutieni pamoja. Ila mpokeaji awe wa kweli, anayejulikana na anayekihitaji kitu chenyewe. Mzee anatambua mara moja kazi aliyopewa ili tu asisumbue.

Tatu: chagueni kazi kwa jinsi mwili ulivyo

Sanaa anayoijua tangu ujana humpa heshima, lakini pia inamuumiza kwa kumkumbusha alivyokuwa. Mama alipojaribu ukili mwembamba wa zamani, ule utepe wa chane zilizosukwa, alilia, vidole havikubana. Tulichofanya ni kupanua chane. Badala ya nyembamba za mkeka wa rangi, tulichukua za upana wa kidole, tukaanza na ukili wa chane chache. Ukindu uloweke au uufunge kwenye kitambaa kibichi mpaka ulainike, mkavu unakata vidole na unataka nguvu. Kupiga shazia, ile sindano kubwa ya kuunganishia ukili, kulimshinda kabisa, basi yeye akasuka na mimi nikashona, akinisahihisha kila mshono. Mkeka wenyewe hata hivyo ulikuwa wake.

Ukindu ukishindikana, chaneni kanga kuukuu vipande virefu msuke kama nywele, kisha mshone kwa mzunguko, mpate tandiko la mlangoni. Kitambaa ni laini na hakikatai mkono dhaifu. Na mzee anapochana kanga anaisoma. Kila jina lililoandikwa lina kisa, hii alipewa na nani, ile alimnunulia nani kumjibu. Siku hiyo usukaji unaweza usiende hata shubiri moja, na ni siku nzuri.

Mkoa wetu ni wa mkonge, na wazee wengi wa hapa waliacha migongo yao mashambani. Wapo wanaojua kusokota kamba za katani. Katani hukwaruza ngozi ya mzee, ambayo imekuwa nyembamba, basi iloweshwe kwanza, na mwenye kisukari aiache, kwa sababu kidonda kidogo kwake si kidogo.

Mikono ikigoma kabisa, koo lipo. Kuimba kunamfanya mtu akae wima na avute pumzi ndefu aitoe polepole, na pumzi hiyo ndefu hulegeza mabega na shingo zilizokazwa na maumivu. Aanze kwa kuguna wimbo mdomo ukiwa umefungwa, kisha mstari mmoja, kisha kibwagizo. Bi Kidude wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa bado anapanda jukwaani katika umri ambao wengi wetu hatutaufikia. Ila muulize mzee anapenda nini. Kuna mama wa lelemama na wa taarabu, kuna anayetaka kasida tu, kuna wa tenzi za kanisani. Usimwekee redio ya unachopenda wewe.

Utungaji hautaki hata kukaa, mtu anatunga akiwa kitandani. Mfumo wa utenzi unafaa sana kwa mgonjwa kwa sababu ni mfupi na una mpaka: ubeti mmoja una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vinalingana vina, cha nne kinabeba kina kinachorudi katika kila ubeti. Ubeti mmoja kwa siku unatosha. Mjukuu aandike au arekodi kwenye simu. Bibi mmoja wa barazani kwetu, asiyejua kusoma, alianza hivi:

Mjukuu njoo kaa,
usiku umekomaa,
goti lawaka ja taa,
moyo una la kusema.

Alifika beti kumi na saba. Binti wa mjukuu wake amezihifadhi.

Udongo wa mfinyanzi ni mzuri lakini ukiwa baridi unauma kwenye viungo, ukandwe kwa maji ya vuguvugu, na mwenye nguvu ndiye akande. Utaelezwa na watu kwamba unga wa ngano na chumvi vinaweza kuchukua nafasi ya udongo. Vinaweza, lakini mimi siwapi wazee. Mtu aliyeona njaa hafinyangi unga akatulia. Hina nayo inawezekana kwa njiti badala ya koni ya kukamuliwa, au kwa koni nene yenye tundu pana. Rangi na brashi, kwa anayependa, sawa.

Wanaume ndio wagumu. Mzee mmoja aliyevua tangu ujana, mgongo ukamtoa baharini, alikuja barazani Jumamosi nne akikaa mikono kifuani. Kwake mikeka ni kazi ya wanawake, na kuimba hakumo. Shule ya msingi ya mjukuu wake ilikuwa na nguzo za goli bila nyavu, watoto wakifunga bao wanakimbilia mpira vichakani. Tulimtajia, basi. Akauliza nguzo zina upana gani. Hakuna aliyejua, akatuma mtoto akapime kwa hatua. Kisha akasema, "Nileteeni uzi wa manila, mnene, msiniletee ule wa dagaa." Jicho la wavu wa goli ni pana, sentimita 10 hadi 12, kwa hiyo mafundo ni machache na uzi mnene unashikika hata na vidole vilivyopinda. Alichonga kipande cha ubao cha kupimia jicho, na kwa kuwa kukaza fundo kulimuuma, akawaweka vijana wawili kushoto na kulia: yeye anapitisha sindano na kufunga, wao wanakaza. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anawagombeza. Mke wake aliniambia hajamsikia akigombeza mtu kwa miaka miwili, na alikuwa anafurahi anaponiambia.

Nne: weka mahali na vifaa sawa

Desturi yetu ni kukaa mkekani, na mzee huona vibaya kukaa juu ya wageni wake. Mwambie mapema, mbele ya wenzake, kwamba kiti ni chake. Kiwe na mgongo, nyayo zikanyage chini zote, magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Mto mdogo nyuma ya kiuno. Kazi iletwe kwake juu ya meza au ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti, asiinamie. Mwanga utoke dirishani upande au nyuma yake. Na mpimeni macho: kuna mzee tuliyedhani vidole vimemshinda, kumbe haoni chane.

Vifaa vyembamba ndivyo vinavyoumiza, kwa sababu kubana kwa nguvu kunasukuma vifundo vya vidole. Vinenepeshe. Chukua kipande cha ndala iliyochakaa, kikate mviringo, kitoboe katikati, pitisha penseli, brashi au sindano ya nyavu. Au zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli mpaka unene ujaze kiganja. Mkasi uliokakamaa utupeni.

Kabla ya kuanza, mikono ilowe kwenye maji ya vuguvugu dakika tano au kumi, kisha ifunguliwe na kufungwa taratibu. Maji yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mwingine. Mwenye ganzi ya kisukari hahisi moto, anaweza kuungua akitabasamu.

Tano: pima muda, na uuheshimu

Ukisahau mengine yote ya mwongozo huu, usisahau hapa, kwa sababu ndipo nilipomuumiza mama. Siku moja aliamka mwepesi. Mkeka wa mjukuu ulikuwa umefika nusu, akakaa tangu baada ya adhuhuri mpaka magharibi. Nilifurahi, nikampigia simu dada yangu kumwambia mama amepona. Siku tatu zilizofuata hakuinuka, hata chooni nilimbeba. Mbaya zaidi, alisema ukindu ndio ulioleta maumivu, nikae nao mbali naye.

Siku nzuri ndiyo yenye hatari. Mtu anailipia siku zote alizokosa, kisha anaanguka, na kila kuanguka kunamfundisha kuogopa.

Fanya hivi. Kwa siku tatu, mzee afanye kazi mpaka pale maumivu yanapoanza tu kupanda, uandike dakika. Tuseme ni 12, 8 na 10. Wastani ni 10. Gawa nusu: ataanza na dakika 5, mara moja au mbili kwa siku, awe anajisikia vizuri au vibaya. Akifika dakika 5 anaacha, hata kama anasema bado ana nguvu. Hasa kama anasema bado ana nguvu. Wiki inayofuata ongeza dakika moja au mbili. Ikienda vibaya rudi nyuma kidogo, usirudi mwanzo.

Saa ya ukutani inakera, mzee anajiona yuko mtihanini. Sisi tulikuwa tunabandika birika dogo. Likichemka, kazi inawekwa chini, chai inanywewa, mikono inapumzika. Baada ya chai anaweza kurudi mara moja, au asirudi.

Saa mbili baada ya kuacha, muulize maumivu yakoje kuliko kabla ya kuanza. Yakiwa yamezidi, ulikuwa muda mrefu mno, kesho punguza. Usiulize kila baada ya dakika kumi, utamfanya ayachungulie.

Kuhusu saa ya siku: mwenye baridi yabisi viungo hukaza asubuhi, wakati mwingine zaidi ya saa nzima, basi kazi ianze saa nne au tano asubuhi. Mwenye magoti yaliyosagika huwa afadhali asubuhi na vibaya jioni. Kama ameandikiwa parasetamoli, panga kazi kama nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza, bila kuongeza kidonge kwa ajili ya kazi.

Sita: siku anazokataa

Zitakuwa nyingi. Sonona humwambia mtu asubiri hamu irudi ndipo afanye, na hamu hairudi kwa kusubiriwa. Kwa kawaida mikono hutangulia, moyo ukafuata nyuma, tena kwa mbali. Lakini hilo usimhubirie. Mwenye moyo mzito akiambiwa "jikaze" anasikia kwamba haaminiwi.

Kata kazi mpaka iwe ndogo kiasi cha kutokataliwa. "Mama, leo nishikie tu huku mwisho nami nisuke." Au kaa karibu usuke vibaya. Nilifanya hivyo, bila kujua kusuka kwa kweli, na mama alivumilia dakika chache tu kabla hajanyoosha mkono. Akikataa hata hilo, mwambie sawa, acha kazi mahali anapoiona, kesho urudi saa ile ile. Usimtajie mpokeaji kama deni, "mjukuu anangoja." Mpokeaji awe habari njema, mweleze mjukuu amesema nini kwenye simu.

Akikataa wiki mbili mfululizo na alikuwa akifanya, rudi hatua ya kwanza. Labda maumivu yamebadilika, labda sonona imezama zaidi, labda ni dawa mpya.

Saba: mkusanye na wenzake

Upweke unauma kama goti. Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi, asiyesikia vizuri anapotea. Choo kiwe karibu na njia yake haina ngazi, hili litakuletea wazee kuliko tangazo lolote. Mwenye mgongo asipandishwe bodaboda, changeni bajaji moja iwazungukie. Saa moja na nusu inatosha, na nusu yake iwe chai. Sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie, kwa maana wenye kisukari hawapendi kutajwa.

Mwacheni mzee aje bila kufanya lolote, kama yule mvuvi. Mazungumzo ya magonjwa yapewe muda wake mwanzoni, kama robo saa hivi, kila mmoja aseme anavyoumwa asikilizwe. Ukiyakataza yatarudi yenyewe kila dakika.

Msiwapige picha mkazituma kwenye makundi ya simu bila ruhusa ya kila mmoja. Na kuhusu kuuza: watu wataona kazi nzuri, watataka kuagiza. Miezi mitatu ya mwanzo kataeni. Oda ina tarehe, na tarehe inavunja ule muda mliopima kwa taabu. Baadaye, mzee akitaka mwenyewe, apokee moja kwa wakati, na mnunuzi aambiwe waziwazi kwamba itakuwa tayari itakapokuwa tayari.

Nane: kazi ifike

Usiipeleke wewe. Mzee aipeleke, au mpokeaji aje kuichukua mikononi mwake. Mkeka wa mama ulichukua miezi mitano, nao ni mdogo, una ukili mmoja uliopinda karibu na pembe ambao hakutaka niufumue. Mjukuu alikuja kutoka Muheza na mchumba wake, wakaukalia pale pale sebuleni. Mama bado anaumwa. Magoti hayakupona. Ila siku ile alikaa kitini mpaka wageni walipoondoka, akala nao.

Ndani ya wiki ile ile rudi na swali, kabla kimya cha baada ya kazi hakijatanda: kinachofuata utamfanyia nani?

Wavu wa goli nao ulikamilika. Mzee alikwenda shuleni kwa bajaji, akawekewa kiti chini ya mwembe, akaangalia vijana wakiufunga kwenye nguzo. Aliomba asogezwe karibu, akalishika fundo moja pembeni. "Hapa pamelegea." Likakazwa. Watoto wakaanza kupiga mpira, na akatazama mechi nzima bila kusema neno. Wakati wa kumrudisha kwenye bajaji ndipo aligeuka akaonyesha kwa fimbo upande wa pili wa uwanja, kwenye nguzo zilizobaki tupu. Jumatatu tulinunua manila nyingine.